Mama Mkwe Aliponyamaza Njia Panda

Ukishuka leo Mwandiga utaona maduka, mashine za kusaga na nyumba za bati zikipanda mlima pande zote mbili za barabara, na utadhani mji huu umekuwapo siku zote. Haukuwapo. Nilipoolewa hapo nikitokea Ujiji, palikuwa njia panda tu. Barabara ya kutoka Kigoma mjini inafika, inagawanyika, mkono mmoja unakwenda Kasulu na mwingine Manyovu, mpakani. Kwenye mgawanyiko huo waliketi wanawake wachache na mawese yao, maharage na ndizi. Mmoja wao alikuwa mama mkwe wangu.

Nieleze kwanza habari zake, maana bila hizo hofu iliyotupata baadaye haitaeleweka. Alizaliwa ng'ambo, Burundi. Aliletwa kwetu akiwa bibi harusi, enzi ambazo watu walivuka ile milima kama mtu anavyokwenda kwa jirani kuomba moto. Kiha cha huku kwetu na Kirundi cha kwao ni lugha za karibu sana, hivyo tangu siku ya kwanza alielewana na kila mtu, ila lafudhi yake ilibaki ya huko. Hati hakuwa nayo. Nani angemdai hati? Mume wake alijulikana, na alipokufa, kaburi lake lilijulikana.

Halafu ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walishukia Kagunga, kijiji cha mpakani ufukweni, kwa makundi, wakaletwa Kigoma kwa njia ya ziwa, na malori yakawapitisha kwetu kwenda kambini. Nakumbuka mwanamke aliyekaa juu ya lori amempakata kuku, na kuku ndiye aliyekuwa akitazama huku na huku. Yeye mwenyewe hakutazama popote.

Malori yale ndiyo yaliyoukuza mji wetu. Madereva walitaka kula, akatokea mama wa kuwapikia. Walitaka kulala, mtu akaongeza chumba. Wakaja wenye maduka, wenye gereji, wauza nguo kutoka mikoa ambayo hatukuijua. Makopo ya mafuta ya msaada yalipondwa yakawa milango. Mume wangu, fundi seremala, alikosa siku ya kupumzika. Tulifurahi, siwezi kukudanganya. Hatukuona kwamba kila mgeni aliyejenga alikuwa mtu mmoja zaidi asiyejua mama mkwe ni nani.

Asubuhi moja balozi wetu wa nyumba kumi alipita akitangaza: kila mtu wa ng'ambo asiye na hati apelekwe kambini.

"Hata aliyeolewa hapa?" nikamuuliza.

Akatazama viatu vyake. "Wamesema yeyote, mama."

Mume wangu alifunga mlango ndipo akazungumza. "Mama, kuanzia leo sokoni usiseme neno. Mke wangu atauza. Wewe tikisa kichwa tu."

"Na wakinisalimia?"

"Tikisa kichwa."

Mama alicheka kidogo. "Umenizaa wewe au nimekuzaa mimi?" Lakini alikubali, na kukubali kwake kulinitisha kuliko lile tangazo.

Hapo ndipo tulipokosea, na mtu wa kwetu ataliona kosa mara moja. Salamu ya Waha haiishii kwenye neno moja. Mtu anakupigia makofi taratibu, anakuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, shamba, mgonjwa uliyekuwa naye, kisha wewe nawe unamuuliza yote hayo. Mama alikuwa bingwa wa jambo hilo. Wateja wengine walinunua maharage kwake kwa ajili ya kusalimiwa tu. Sasa aliketi kama gogo. Tulidhani tumemficha, kumbe tulikuwa tumemwashia taa.

"Bibi wa maharage siku hizi anaringa," alisema muuza nguo wa upande wa pili.

"Koo linamuuma," nikajibu.

"Koo gani hilo lisilopona? Au limevuka mpaka?"

Wenzake wakacheka. Nikamwaga maharage nje ya kisado cha kupimia.

Lori la kuwapeleka watu kambini lilikuja siku ya soko. Mgambo walianza upande wa ndizi, wakihoji mmoja mmoja. Binti aliyeuza muhogo karibu nasi, mgeni wa majuzi, aliulizwa kwao ni wapi, akanyamaza, akapandishwa. Hakulia. Ungo wake ulibaki pale pale.

Mgambo akasimama mbele yetu. "Shikamoo, bibi."

Mama akatikisa kichwa.

"Bibi hajibu shikamoo?"

"Koo, kaka," nikasema. "Anaumwa."

"Sijakuuliza wewe."

Niliona vidole vya mama vikishika ukingo wa kanga yake. Nilifikiri: ataondoka na kanga hiyo hiyo, na mume wangu atarudi jioni aulize mama yuko wapi.

Wakati huo mzee mmoja mkulima, aliyekuwa akichagua mbegu nyuma ya mgambo, alimwona mama. Hakujua habari ya marufuku yetu. Alipiga makofi taratibu. "Mwakeye!" akamwamkia kwa Kiha.

Mama alinitazama, kisha akamtazama yule mzee. Mtu anaweza kumnyima mgambo neno, lakini si rika la marehemu mume wake. Akapiga makofi, akaitikia, kwa lafudhi yake ile ile, wazi kabisa. Mimi nikafumba macho.

Mzee akamuuliza hali. Akauliza watoto, akiwataja kwa majina tangu wa kwanza. Akauliza kama kaburi la rafiki yake limepaliliwa. Akauliza mgomba aliompandia mwaka wa ndoa yake kama bado unazaa. Wanawake wa mawese nao wakaingia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na makofi yake na swali lake. Mama alijibu yote. Mgambo alisubiri salamu iishe ili aendelee na kazi, na haikuisha. Mwishowe akafuta jasho.

"Nitarudi," akasema, akaenda zake kwenye lori.

Hatukujua kama angerudi. Usiku ule hakuna aliyekula.

Kesho yake mama alifika sokoni kabla yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya muuza nguo, anapiga makofi taratibu, anamuuliza kwao, mama yake, usingizi wake. Yule bwana alijibu kwa aibu, hajui aweke wapi mikono. Kisha mama akahamia kwa fundi wa gereji, kisha kwa mgeni mwingine na mwingine, maharage yetu yakikaa bila muuzaji.

"Mama, una moyo mzuri," nikamwambia.

"Si moyo mzuri, mwanangu. Ni woga. Asiyenijua hatanitetea lori likirudi." Akautazama ule ungo wa muhogo, ambao hakuna aliyethubutu kuuondoa. "Yule binti alikaa karibu nami, nami nilikuwa nimenyamaza. Sikumuuliza hata kwao."

Akauchukua, akaukung'uta, akaupeleka nyumbani kuutunza.