Mfereji wa Shingo Ndefu Mbele ya Mama Mkwe

Kuna watu hapa Machakos ambao hadi leo wakiniona wanauliza, "Baba Mwikali, shati uko nayo?" halafu wanaanza kucheka kabla sijajibu, na mimi nacheka nao, kwa sababu ukikataa kucheka ndio umekwisha kabisa. Basi wacha niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, maana ile hadithi inayozunguka sokoni imetiwa chumvi hadi haiwezi kulika (eti nilikuwa uchi wa mnyama, uongo, suruali nilikuwa nayo, nilikuwa nimeikunja tu hadi magotini). Aibu niliipata, sikatai. Lakini kama ni kunicheka, mnicheke kwa ile ya kweli.

Miaka hiyo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo, na mimi nilikuwa na studio ndogo ya picha pale mjini, nikirudi jioni kwenye nyumba yetu ya vyumba viwili na jikoni, na hilo jikoni usiniulize ukubwa wake, ukiinama kuokota kijiko unasukuma mlango kwa makalio. Halikuwa na sinki wala mfereji. Mke wangu, Ndunge, alikuwa anaosha vyombo nje, ameinamia karai, na alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, mgongo unamuuma hadi akisimama anashika ukuta kwanza. Habari hizo zikapanda hadi Kathiani kwa mama yake. Naye akatuma neno: Jumamosi nakuja kuona kwa macho yangu, na nikikuta mtoto wangu bado anainamia karai na hilo tumbo, narudi naye nyumbani, yeye na mjukuu wangu Mwikali, mpaka ajifungue.

Sasa lazima nieleze kidogo kwa wale wasio Wakamba. Sisi tuna kitu tunaita nthoni, yaani ile heshima ya mtu na mama mkwe wake. Humshiki mkono, humkazii macho, mkikutana njiani unampisha, na akiwa na neno kwako analipitisha kwa mtu mwingine. Kulala naye nyumba moja ndio hata usiote. Siku hizi vijana wamelegeza mambo, wanakumbatiana na wakwe zao kama watu wa harusi, lakini mama mkwe wangu hakulegeza hata uzi. Kwa hivyo sikuwa na njia ya kwenda kumbembeleza. Njia ilikuwa moja tu, akute sinki.

Nikaapa: mke wangu haendi popote. Nilimpenda, nampenda, na nyumba bila yule mtoto kunipigia kelele asubuhi nilikuwa siitaki hata kuiona. Alhamisi nikafunga studio mapema nikaenda Tala, kwa sababu kule hadiwea zao zina bei ya kuongea. Ndunge alikuwa ameniambia maneno machache tu: "Baba Mwikali, sinki iwe kubwa, sufuria ya ugali iingie. Na mfereji chukua ile fupi ya kawaida."

Nilimsikia vizuri. Shida ni kwamba mtu wa picha ananunua kwa jicho. Nilipoingia kwenye lile duka, ukutani kulikuwa na mfereji mmoja unang'aa, shingo imepanda juu ikapinda kama ya korongo anayeangalia samaki, na badala ya kile kichwa cha kuzungusha ulikuwa na mkono mmoja tu mwembamba juu. Nikauona ukiwa jikoni kwangu. Nikamwona mama mkwe akiuona. Basi, nikawa nimeshapotea.

Mama mwenye duka akaniangalia. "Hiyo watu wananunua ya hoteli. Jikoni yako ni kubwa?"

"Inatosha," nikasema (inatosha nani?).

"Na sinki gani?"

Hapo ndipo nikafanya hesabu yangu ya ajabu: kwa vile nafasi ni ndogo, na mfereji ni mkubwa, basi sinki iwe ndogo, vitu vipatane. Nikachukua kile kisinki cha duara ambacho sahani mbili zikiingia, ya tatu inangoja nje. Sikupima kitu, hata kwa shubiri. Nikafunga mzigo wangu nyuma ya baiskeli ya boda boda hadi stendi, nikiwa na furaha ya bwana harusi.

Ijumaa fundi akaja, anaitwa Kilonzo, mtu wa maneno mengi na spana chache. Akatoboa slabu ya saruji iliyokuwa meza ya jikoni, akatia sinki, akasimamisha mfereji, akarudi nyuma kuangalia kazi yake, halafu akalaza kichwa upande.

"Kaka, hii mdomo imevuka ng'ambo."

Kweli. Shingo ilikuwa ndefu hadi mdomo wa mfereji ulipita ukingo wa sinki ukaning'inia hewani, sawasawa na tumbo la mtu anayeosha vyombo. Kilonzo akaugeuza kushoto, ukaangalia ukuta. Akaugeuza kulia, ukaangalia mlango.

"Rudisha Tala," akasema.

"Kesho mama mkwe anakuja. Uache hivyo hivyo. Inapendeza."

"Inapendeza kwa picha."

Nikamwambia aendelee na kazi. Kujaribu maji hatukuweza, kwa sababu mtaani kwetu maji yalikuwa ya zamu, na tangu Jumatano mifereji ilikuwa inapiga mluzi tu. Halafu ikaonekana kuna kipande kimoja kimekosekana, kile cha kuunganisha sinki na bomba la maji machafu chini, kwa hivyo shimo la sinki likabaki wazi linaangalia sakafu. Kilonzo akasema atakuja nacho asubuhi na mapema. Mimi nikashona pazia la maua nikalitundika chini ya slabu kuficha huo uchafu, na lilipendeza, hata Ndunge alisema.

Jumamosi asubuhi, Kilonzo hakuna. Jua limepanda, Kilonzo hakuna. Wageni walikuwa waje alasiri, kwa hivyo nikajiambia, mwanaume mzima unashindwa na bomba? Nikavua shati langu jeupe lililopigwa pasi kwa ajili ya ugeni, nikaliacha chumbani lisichafuke, nikakunja suruali, nikaingia chini ya slabu na kipande cha bomba na mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaanza kufunga. Ndunge alikuwa nyuma ya nyumba na jiko la makaa, anapika.

Ndipo nikasikia geti, halafu sauti za wanawake, halafu, "Hodi wenyewe!" Mama mkwe alikuwa amepata nafasi kwenye pikapu ya kanisa, akafika asubuhi badala ya alasiri, na akina mama wawili wa kanisani kwake wakamsindikiza. Ndunge akaja mbio kuwapokea. Nikamsikia akisema, "Baba Mwikali ametoka kidogo," kwa sauti ya mke mwenye fahari, maana alidhani nimefanya kama inavyotakiwa, nimewapisha.

Fikiria hali yangu. Jikoni letu lina mlango mmoja, na mlango huo unaingia sebuleni, na sebuleni kuna mama mkwe, na mimi niko kifua wazi, nimejaa vumbi la saruji hadi kwenye nyusi. Kutoka siwezi. Kukohoa siwezi. Nikavuta pazia la maua, nikakunja magoti hadi kidevuni, nikasema, watakunywa chai, watakaa, nitatoka wakienda kuona shamba la sukuma wiki nyuma ya nyumba.

Hawakutaka chai. Mama mkwe alisema aone jikoni kwanza.

Viatu vyake vikaja vikasimama mbele ya pua yangu, viatu vyeusi vya kanisa, vimepakwa rangi vizuri. Nikafunga macho (nthoni ni nthoni, hata kwa viatu).

"Sasa hapa ndio unaoshea?" akauliza.

"Ndio, mwaitu," Ndunge akamjibu, yaani mama kwa Kikamba. "Siinami tena."

Nikamsikia akipiga slabu kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayenunua ng'ombe. Halafu akasema, na nilisikia kwa masikio yangu haya mawili, "Huyu kijana amejaribu."

Jamani, nilikuwa karibu kulia kule chini. Mke wangu habebwi! Kama mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima katika mji huu.

"Na maji iko wapi?"

"Leo hakuna, mwaitu, ni ya zamu."

"Na hii inafunguliwa aje?" Nikasikia ule mkono wa mfereji ukiinuliwa, taak, ukapelekwa huku, ukapelekwa kule, na akina mama wa kanisa wakasogea wakibanana mlangoni kuona, wakisema mambo ya siku hizi ni mageni. Basi mama akauacha umeinuka juu kabisa, maana hakuna kilichotoka, na kama uko wazi au umefungwa hakuna aliyejua, hata mimi mwenye kuununua sikujua.

Ndipo bomba ukutani likaanza kukohoa. Wa Machakos wanaijua hiyo sauti, hewa kwanza, kho, kho, halafu mlio kama wa fisi aliyebanwa, halafu maji yenyewe yanakuja kwa hasira ya siku zote hizo. Yakaruka juu ya sinki bila hata kuisalimia, yakampiga mama mkwe kifuani, kitenge kizima cha safari.

"Aiya! Funga! Funga!"

Ndunge akakimbilia kufunga, na akafanya kile ambacho sisi wote tungefanya, akazungusha ule mkono kulia kama mfereji wa kawaida. Ule mfereji haufungwi kwa kuzungushwa, unafungwa kwa kukandamizwa chini. Akazungusha kushoto, maji yaleyale. Mama mkwe akaona watoto wa siku hizi hawajui kazi, akaikamata ile shingo kwa mikono miwili aikabe, na shingo ikageuka naye, ikaelekea mlangoni, ikawaosha akina mama wa kanisa kuanzia kilemba. Akaivuta irudi, na kwa kukabwa ikapinda, mdomo ukamwaga ndani ya sinki, na mnakumbuka lile shimo la chini nilikuwa sijamaliza kulifunga. Maji yote yakanishukia kichwani, baridi, na matope.

Nikapiga kelele. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Kisha nikatoka na pazia la maua limenizunguka shingoni, mweupe kwa saruji, natiririka, kifua wazi, nikasimama wima mbele ya mama mkwe wangu ambaye tangu nimuoe binti yake sikuwahi kumwangalia usoni. Tukaangaliana. Yeye akarudi nyuma, sakafu ilikuwa inateleza, akaanza kwenda chini, nami, Mungu anisamehe, nikamdaka. Kwa mikono. Nikamshika mama mkwe mabega.

Zamani hiyo ni kesi ya kuchinja mbuzi wa faini. Nilimwachilia kama sufuria ya moto (alikuwa ameshashika slabu, hakuanguka), nikapita katikati ya akina mama wa kanisa, nikapita sebuleni, nikatoka nje kuifunga koki kubwa pale karibu na mita. Nje sasa maji yamerudi, kwa hivyo mtaa wote umetoka na mitungi kwenye mfereji wa mtaa jirani na geti letu, foleni hadi barabarani, na mbele yao natokea mimi na maua yangu shingoni, napiga magoti kwenye matope, nashindana na koki iliyoshika kutu.

"Baba Mwikali, leo unaoga na koki?" jirani mmoja akaniuliza. Foleni ikafa kwa kicheko.

Niliifunga hatimaye. Halafu nikabaki pale nimechuchumaa, kwa sababu nyumba ilikuwa yangu lakini kuingia sikuweza. Nilikuwa na hakika sasa mama anafungasha nguo za Ndunge, na haki anayo. Aibu ya watu ilikuwa kando. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa ameshasema nimejaribu.

Mwikali akatoka, miaka minne, amebeba shati langu jeupe kwa mikono miwili kama sadaka. "Susu amesema, mwambie baba yako avae shati." (Susu ndiye nyanya yake, mama mkwe wangu.)

Nikavaa juu ya matope. Akaingia, akatoka tena. "Susu amesema mama haendi Kathiani."

Niliruka, nawaambia! Nilimrusha mtoto juu, foleni ya mitungi ikapiga makofi bila kujua sababu. Mwikali akajitoa mikononi mwangu akasema, "Ngoja, kuna ingine nimesahau," akakimbia ndani. Akarudi akiwa na ile sura ya mtu mwenye ujumbe mzito.

"Amesema nyumba haiwezi kuachiwa wewe peke yako. Yeye ndio anabaki. Mpaka mtoto atoke."

Wiki iliyofuata nilirudi Tala na Ndunge na futi mkononi. Tukachukua sinki kubwa na mfereji mfupi wa kuzungusha, na nimeapa sitanunua tena kitu cha maji kwa macho, na hakuna mgeni atakayeonyeshwa jikoni langu kabla maji hayajapita mle juu hadi chini. Sinki hilo lipo hadi leo, na Ndunge hakuinamia karai tena. Lakini nyumba ya vyumba viwili na nthoni haviwezi kukaa pamoja, kwa hivyo jioni ileile ya Jumamosi nilichukua blanketi moja nikaenda kwa binamu yangu, na kila siku nikawa naletewa chakula na Mwikali getini kwangu mwenyewe, hadi yule mtoto alipozaliwa. Nilipigana kufa na kupona mke wangu asihame kwangu, na kweli hakuhama. Aliyehama ni mimi.