Saba Haijatoka

Ilianza Alhamisi, saa tisa na robo alasiri, mnadani, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimemshikia kaka simu yake. Akaniuliza saa ngapi, nikamwambia, akaichukua. Sikuiona tena.

Maksai tulikuwa tumeshamnunua. Baba alitutuma wawili: kaka kwa kuwa anajua ng'ombe, mimi kwa kuwa siongei na watu, hivyo fedha haitanitoka hovyo. Maksai wetu mmoja alivunjika mguu, tukamchinja, na aliyebaki halimi peke yake. Bila huyu mpya, mvua zikianza tungelima pamba yote kwa jembe la mkono, na mimi shule ningeisikia kwenye redio. Kwa hiyo nilishika kamba kwa mikono miwili.

Pembeni ya uzio kulikuwa na meza ya dadu. Kitambaa kimechorwa sehemu tatu: chini ya saba, saba, juu ya saba. Mwenye meza alitikisa dadu mbili kwenye kikombe cha plastiki. Ukiweka chini au juu na ukapatia, unapata faida sawa na ulichoweka. Ukipatia saba, faida ni mara nne.

"Sogeeni shemeji zangu! Kikombe hakiumi!" akaita.

Kaka aliweka hela yake mwenyewe, aliyolipwa kwa kupakia marobota ya pamba. Akaweka saba. Ikatoka tano. Akaweka tena saba. Tisa. Akaendelea hivyo hivyo, na kila mara akawa anaongeza.

Mada ya uwezekano inafundishwa kidato cha nne na mimi niko cha tatu, ila nilishaisoma mwenyewe, maana kitabu hakikukodolei macho. Nikaanza kuhesabu kichwani. Dadu mbili zina namna thelathini na sita za kuanguka. Saba inapatikana kwa namna sita tu. Ukiicheza mara thelathini na sita kwa elfu moja moja, ukapatia sita, unapata faida elfu ishirini na nne, na zile thelathini ulizokosa ni elfu thelathini. Nikajaribu chini: unapatia kumi na tano, unakosa ishirini na moja. Juu vilevile. Popote utakapoweka, elfu sita zinabaki mezani.

Nilikuwa namwangalia mwenye meza mikono nione anavyoiba, na haibi. Nilitamani awe mwizi. Mwizi angepigiwa kelele akakimbia. Huyu angekaa pale mpaka jioni, anatabasamu, na hesabu inamfanyia kazi.

"Kaka, twende."

"Tulia. Saba haijatoka mara kumi na moja. Ng'ombe akizaa madume matatu mfululizo, wa nne si jike?"

Wanaume wakaitikia, "Ehee! Jike huyo!" Kwetu kila mtu anasema hivyo, hata baba.

Hela yake ikaisha. Akaweka simu, ikaenda. Kisha akageuka akaangalia kamba yangu. Dalali mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa amesimama muda wote bila kucheza, akasema taratibu, "Huyo maksai namchukua hapa hapa, taslimu. Bei ya haraka lakini, kijana."

"Lete kamba," kaka akaniambia.

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka nyembamba kama ya mtoto. "Dadu haina tumbo, kaka. Haijui imezaa nini."

Wakacheka mpaka mwenye meza akashika dadu zisianguke. "Mwalimu huyo! Mpeni chaki!" Kaka akaona aibu, na aibu yake niliiogopa kuliko hasira. Akanishika mkono. Nilikuwa nimeizungusha kamba kwenye kiganja, ikabana hadi vidole vikawa vyeupe. Sitaficha: nilijikojolea kidogo. Dalali akamchapa maksai mgongoni kwa fimbo ili asogee kwake, maksai akashtuka, akaruka upande wa pili, na mimi nikaburutwa naye. Sikuiachia kamba. Niliposimama kwa miguu yangu tulikuwa barabarani, na nyuma nilisikia, "Nne! Chini!"

Njia nzima kila bodaboda ikipunguza mwendo nyuma yangu nilidhani ni kaka na yule dalali.

Kaka alirudi jua likizama, akasalimia vizuri, akala. Kisha nikamsikia akimwambia baba, "Maksai huyu ana kasoro ya kwato. Kesho nitamrudisha mnadani, nibadilishiwe." Baba akasema sawa. Kaka akanipita jikoni akaninong'oneza, "Kesho itatoka tu, mdogo wangu. Haiwezi kukaa hivyo."

Usiku sikulala. Nikisema, baba atampiga. Nisiposema, maksai anaondoka.

Asubuhi, kaka akiwa bado amelala, nilimfuata baba shambani alikokuwa anang'oa masalia ya pamba. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia. Nikaendelea kwa Kisukuma, nikiangalia miguu yake, nikamwambia yote. Alimaliza kung'oa shina aliloshika. Halafu akauliza polepole, "Mara kumi na moja, haikutoka hata moja?"

Niliogopa zaidi ya mnadani. Ilikuwa sauti ile ile ya kaka.

"Hata ikiwa mia, baba. Inayofuata ni sita kwenye thelathini na sita, kama ya kwanza." Halafu nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia mtu mzima: "Tumpige chapa leo. Sasa hivi." Ng'ombe mwenye chapa ya baba, hakuna dalali wa huku anayemnunua bila baba mwenyewe kuwepo.

Sijui alikubali hesabu au alichoka kunisikia. Alienda kuleta chuma cha chapa. Nilikusanya masalia, nikawasha moto, nikamfunga maksai kwenye nguzo ya zizi, nikamshika pembe. Kaka alitoka ndani, akasimama mlangoni bila shati, akituangalia. Sikumwangalia. Nilishika pembe mpaka moshi wa manyoya ulipopanda.