Kibwebwe cha Mama

Juzi pale Lemara nilimwona mama mmoja akijifunga kanga kiunoni ili amwinue mwanawe mkubwa kutoka kwenye bajaji. Papo hapo nikasikia harufu ya kwetu Kikatiti: ya migomba iliyolowa, na ya maji ya moto yenye sabuni.

Kaka yangu Eliya alizaliwa na ugonjwa adimu wa misuli, hakuweza kusimama. Kila mama alipotaka kumwogesha, aliniita nimfunge kibwebwe. "Kaza, mwanangu. Kaza tena." Nilikuwa nimewaona wanawake wakifunga hivyo harusini, basi nilijua mama anajiandaa kucheza. Alasiri moja nikaanza kumwimbia na kumpigia makofi. Eliya alicheka mpaka mate yakamtoka. Mama, akiwa amembeba, akayumba, akaegemea ukuta na kufumba macho. Nikadhani ndivyo ngoma yake inavyochezwa. Nami nikaegemea, nikafumba.

Siku hizi mama hawezi kuinama hata kuokota kijiko. Mgongo wake uliisha kabla Eliya hajafariki.

Pale Lemara nilisogea. "Pole, mama. Nikukazie?"

Akanipa ncha za kanga na kunigeuzia mgongo, bila kuuliza mimi ni nani.