Jina la Binti Yangu Limepewa Msichana wa Kwenye Gemu

Admin, ficha jina langu kabisa, maana mume wangu anasoma ukurasa huu kila siku. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa Embu, na nina mimba ya miezi minane. Tulikaa miaka sita bila mtoto. Maneno niliyosikia miaka hiyo sitaki kuyarudia, wanawake wenzangu mnayajua.

Mume wangu anafanya kazi ya ofisi mjini. Hanywi, hanipigi, jioni anakaa kwenye kompyuta na gemu yake ya mashujaa na mazimwi. Gemu hiyo inaanza kwa kuunda mtu wako: unachagua rangi ya ngozi, pua, nywele, hata upana wa kidevu. Mwaka juzi aliniita tuunde msichana pamoja. Tukachukua macho yangu na paji lake la uso, tukacheka sana. Kisha akaandika jina: Igoki, jina la mama yake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo nilimwelewa, na nililia kidogo. Mama mkwe alipoonyeshwa alifurahi mno. Kesho yake alikuja na uji, kama mtu anayekuja kuona mtoto.

Basi nikashika mimba. Nilidhani atarukaruka. Akauliza polepole, "Na Igoki?" Tangu siku hiyo hajagusa tumbo langu. Hospitali waliponiambia ni msichana, nikamwambia sasa mama yake amepata wa kumrithi jina. Akasema jina lilishatolewa, huyu ni wa pili, apewe jina la mama yangu mimi. Nilikimbilia kwa mama mkwe, huko Runyenjes, nikijua atamkemea. Aliendelea kuchambua maharagwe yake, akasema jina halipewi mara mbili kwa nyumba moja. Nikamwambia ile ni picha tu.

"Na ule uji nilileta wa nani?" akaniuliza.

Jumapili tulipotoka kanisani nilimkuta mume wangu amefungua sura ya yule msichana, imejaa skrini nzima. Amemwongezea kovu shavuni kama la mama yake, aliyeungua akiwa mdogo. Akanivuta mkono nikae. Akaniambia kwa upole, vile alivyokuwa akinibembeleza zamani, kwamba amefikiria sana na amekubali mtoto aitwe Igoki, bora tu wafanane na huyo wa kwenye skrini. Nikamuuliza, na wasipofanana?

"Usiwe na wasi. Akikuja akiwa tofauti, tutamrekebisha," akasema, kidole kikiwa juu ya lile kovu.

Mama yangu yuko Kibugu. Anasema mwanamume asiyekunywa wala kupiga haachwi kwa sababu ya kompyuta. Mume wangu naye ameshaomba likizo kazini. Anataka mtoto akitoka awe wa kwanza kumshika. Mimi naogopa, naogopa sana.

Ndugu zangu, nishaurini: nimpeleke wapi mtoto huyu kabla hajazaliwa?