Siku Niliyomsomea Mtani Katiba

Jumapili, saa tisa alasiri, ndipo aibu yangu ilipoanza, na hata sasa nikiandika masikio yanawaka moto.

Tulikuwa Kibaoni, tunaondoa matanga ya babu. Viatu tumevua pembeni ya mkeka, na Mama Tadei, mtani wetu wa Kingoni, mwenye ruhusa ya kimila kututania hata msibani, kavaa koti la marehemu, anaigiza kikohozi chake, mara akanyakua viatu vyangu vya shule (sina vingine, na kesho yake Jumatatu) akavining'iniza shingoni.

"Marehemu kaniachia urithi!"

Watu wakacheka. Sasa mimi, ambaye hata kuitika jina darasani sauti hunikauka, wiki ile tulikuwa tumesoma haki za raia, nikatamani kujua kama zinafanya kazi hata nje ya darasa. Nikasimama.

"Shikamoo mama. Katiba, ibara ya ishirini na nne, kila mtu ana haki ya kumiliki mali."

Mjomba akaninong'oneza, "Kaa chini mwanangu, mtani hanuniwi." Nilikuwa nimeshachelewa.

"Kumbe tuna hakimu humu!" Mama Tadei akanivua na kanga ya begani. "Endelea, mheshimiwa!"

Nami nikaendelea (sijui nilirogwa?), nikasema watu wote ni sawa mbele ya sheria.

"Mmemsikia? Wote sawa!" Akazoa viatu vya msiba mzima, hadi vya katekista, akavifunga kwenye kanga yangu, akavikalia. Eti havitoki bila kukombolewa kwa jogoo! Ukoo mzima ukanikodolea macho, peku, na bibi, ambaye tangu mazishi alikuwa hajafungua kinywa, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mpeni jogoo wangu," akasema.

Viatu vikarudi kwa wenyewe, isipokuwa vyangu.

"Hivi vina rufaa, hakimu. Vifuate kesho."

Asubuhi nikaenda kwake peku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hakimu."

Viatu alikuwa amevipaka rangi, vinang'aa kuliko siku zote. Nikavivaa haraka nikimbie zangu, akanishika mkono, na safari hii hakuwa anatania.

"Hiyo ibara yako. Shemeji zangu wamechukua shamba aliloniachia mume wangu kule Kisawasawa. Mjane naye yumo?"

Sikujua. Nimejiapiza kwamba matangani, mbele ya mtani, sitataja ibara tena maishani mwangu. Lakini kipindi cha kwanza, mwalimu alipouliza nani ana swali, nilinyoosha mkono.