Mundu wa Mzee Tapscott

Hester Tapscott alikuwa amechoka kuambiwa asubiri. Miaka kumi na mmoja alifagia makumbusho ya kijiji cha Nether Coombe, katika jengo lile lile alilosomea utotoni, akapangusa ndoo za maziwa na viatu vya farasi, akawachemshia wageni chai na kuwaokea skonzi. Na miaka yote hiyo, karibu na dirisha, mundu wa marehemu baba yake ulining'inia juu ya kadi iliyosema: "Kisu cha bucha. Mwenyewe hajulikani."

Kisu cha bucha! Mzee Tapscott hakuwahi kuchinja hata kuku. Kazi yake ilikuwa kulaza ua: kila majira ya baridi alikata mashina ya miiba kwa chini, yasikatike kabisa, akayainamisha moja juu ya jingine yachipue upya, mpaka ua ukazuia kondoo bila waya. Tena alitumia mkono wa kushoto, na mundu ule ulinolewa upande mmoja tu, upande wake. Mama yake Hester ndiye aliyeutoa kwa makumbusho, ndani ya sanduku la vyuma chakavu, bila barua wala jina.

Mwenyekiti wa kamati, Bwana Lionel Frobisher, mstaafu aliyehamia kutoka London na mapenzi makubwa ya mambo ya kale ya watu wengine, alikuwa na jibu moja.

"Bi Hester, mimi nakuamini. Lakini daftari linataka ushahidi wa maandishi."

"Baba hakuwa mtu wa kalamu. Tazama dirishani. Ua wote ule ni kazi yake."

"Ua si hati, mama."

Hester alirudi jikoni akaosha vikombe kwa hasira, kimoja kikapasuka.

Jumapili moja ya Februari, mwenyekiti akiwa kwake, Jem Luscombe, mfugaji wa jirani, aliingia na matope mpaka magotini, mkono mmoja uliovunjika ukiwa kwenye plasta.

"Hester! Kondoo wametoboa ua, wamejaa barabarani! Nami mkono ndio huu, msumeno siwezi kuushika."

"Sasa mimi nifanyeje, niwaimbie warudi?"

"Si wewe binti wa Tapscott? Au miaka yote hii ulikuwa unatupiga fiksi?"

Maneno hayo yalimchoma. Aliushusha mundu bila hata kuvaa glavu nyeupe ambazo kamati ilitaka zivaliwe kabla ya kugusa kitu chochote, akakaa kizingitini akaunoa mpaka kutu yote ikaanguka mapajani mwake. Kisha akaingia kwenye miiba. Mkono wake wa kushoto, aliourithi kwa mzee, haukuhitaji kukumbushwa. Saa tisa alasiri kondoo walikuwa ndani na pengo limezibwa, na Hester alikuwa na furaha ambayo hakuipata hata siku moja kwenye zile skonzi.

Jumatatu Bwana Frobisher alisimama mbele ya mundu unaong'aa, uso umemwiva.

"Nani amegusa kitu hiki? Ile kutu ilikuwa ya miaka arobaini!"

"Ilikuwa kutu tu, Bwana Frobisher."

"Ilikuwa historia!"

"Hebu chungulia nje. Lile pengo la jana limezibwa kwa kisu cha bucha?"

Mwenyekiti alichungulia. Alitazama ua kwa muda mrefu, akautazama mundu, kisha akachomoa kalamu.

"Hapo umesema, Bi Hester. Kadi hii lazima irekebishwe."

Hester alisimama kando, mikono ndani ya aproni, akimwacha aandike kwa mwandiko wake mzuri, aibandike kadi, achukue kofia yake na kuondoka. Ndipo Hester akavaa miwani akaisoma.

"Kisu cha bucha. Mwenyewe hajulikani. Kiliharibiwa kwa kunolewa, na Bi H. Tapscott."

Safari hii hakuna aliyedai ushahidi wa maandishi.