Povu katika Chumba cha Shangazi

Ukipita mtaa ule ukauliza fundi bomba yuko wapi, watakuuliza yupi. Ukisema Chemba, hata mtoto atakuonyesha mlango. Jina hilo alipewa kwa sababu kila akifika nyumbani kwa mtu, kabla salamu hazijaisha, huwa ameshauliza, "Chemba iko wapi?" Kisha hufunua mfuniko wa shimo hilo la majitaka, huchungulia ndani, na kuanza kumsema mwenye nyumba kana kwamba ndiye aliyemzaa. Nani kakutuma utupe matambara chooni? Maji ya paa yanatafuta nini kwenye bomba la majitaka? Watu walimvumilia kwa sababu kazi aliijua.

Sifa zake zilitoka kwenye vyumba vya chini ya ardhi. Nyumba za mtaa ule karibu zote zina chumba kilichozama, dirisha lake likiwa usawa na njia ya waendao kwa miguu. Mvua kubwa ikijaza bomba la mtaa, uchafu wa watu wote hurudi kinyumenyume na kutokea kwenye tundu la sakafuni huko chini. Chemba aliwafungia valvu, kijilango ndani ya bomba kinachoruhusu maji kutoka na kuyakataza kurudi. Lakini valvu ina sharti lake. Ikishajifunga, ya nje hayaingii, na ya ndani nayo hayatoki. Mtu wa juu akioga wakati huo, maji yake yatashuka, yatakuta mlango umefungwa, na yatafurika chumba cha chini. Kwa hiyo kila alipofunga valvu alibandika karatasi kwenye mlango wa bafu, kwa herufi kubwa: MVUA IKIZIDI, USITUMIE MAJI.

Nyumba moja tu haikuwa na karatasi hiyo, nayo ni yake. Fundi mzima aandikiwe ya nini?

Chini ya nyumba hiyo aliishi shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka saba. Huyu alikuwa fundi cherehani. Chumba kilikuwa cha kulala na cha kazi pia: kitanda nyuma ya pazia, meza ya kukatia, cherehani chini ya dirisha, na maboksi ya karatasi zilizokatwa kwa vipimo vya wateja, wengine tangu wakiwa wasichana. Kupitia dirisha lile aliona miguu tu, na kwa miguu alimjua kila mtu. "Huyo karani, kiatu kimeanza kulala upande," alikuwa akisema bila kusimamisha cherehani.

Miguu aliyoipenda kuliko yote ilikuwa ya Mama Viazi, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akikaanga viazi na kuvipeleka maofisini. Alivaa viatu vya mpira vya kijani, na alipopita alisimama kidogo dirishani ili wasalimiane. Miaka kumi na minane walikuwa chanda na pete. Kila alasiri Mama Viazi alishuka na viazi vilivyobaki, na wote wawili wakamsengenya Chemba akiwa palepale anawasikia.

"Dada, mkwe wako, mke wa huyu, ana mke mwenza," Mama Viazi alizoea kusema. "Anaitwa chemba."

Siku yenyewe mvua ilianza asubuhi na haikupumua. Chemba alizunguka nyumba tano, akizibua, akifoka, akiwakumbusha watu wasiguse maji. Saa tisa alasiri alirudi kwake akinuka hata yeye mwenyewe akajionea kinyaa. Mkewe alikuwa kazini, na Shangazi alikuwa ametoka kununua uzi na vifungo. Chemba alitupa ovaroli kwenye mashine ya kufulia, akamimina sabuni mara mbili ya kipimo, akaingia bafuni. Alioga kwa raha zake, huku akiimba. Mashine ikamwaga maji, ikajaza mengine, ikamwaga tena. Nje mvua ilikuwa bado inapiga.

Saa kumi alisikia sauti ya Shangazi kutoka chini. "Baba! Njoo! Njoo uone!"

Alishuka ngazi mbilimbili. Maji yalikuwa yamefunika vidole vya miguu. Maboksi yalikuwa yamelegea na kupasuka, na zile karatasi za vipimo zilielea kila mahali, wino umeyeyuka. Vitambaa vya sare za shule vilikuwa vimelowa chapachapa. Kilichosalimika ni gauni moja la zambarau, la Mama Viazi, lililotundikwa kwenye msumari likimsubiri mwenyewe aje asimame apimwe upindo. Na juu ya maji yote hayo palikuwa na povu jeupe linalonukia limau.

Chemba alijua palepale. Majitaka ya mtaa hayanukii limau. Hata hivyo alipiga magoti, akafunua mfuniko wa valvu, akaiona imejifunga sawasawa, safi, haina dosari. Maji yale yalikuwa ya ovaroli lake na ya mgongo wake.

"Si uliniambia hayarudi tena?" Shangazi aliuliza. Povu aliliona, lakini yeye alijua uzi, hakujua bomba. "Yametoka wapi?"

Wakati huo Mama Viazi alikuwa akishuka ngazi, gauni amelikunja mpaka magotini, ndoo mkono mmoja na mopa mkono wa pili. Alikuja kusaidia, maskini ya Mungu.

Chemba aliyawaza mambo mawili tu: mtaa mzima ukimcheka, na uso wa Shangazi. Kinywa kikatangulia. "Ni mafuta," akasema. "Bomba letu na la Mama Viazi yanakutana pale nje. Mafuta ya viazi yameganda, yameziba."

Uongo huu ulikuwa na miguu ya kusimamia, na hapo ndipo ubaya wake. Miezi miwili kabla alikuwa ametoa kweli bonge la mafuta kwenye bomba la jirani huyo, kubwa kama mkate, akamtania mpaka akaona haya. Kwa hiyo hata Mama Viazi mwenyewe aliamini.

"Dada, mimi huwa namwaga kidogo tu," alisema. "Tena na maji ya moto."

"Kidogo!" Shangazi aliinua karatasi iliyolowa, ikakatika mkononi. "Kazi yangu yote hii hapa. Toka. Toka na ndoo yako."

Mama Viazi aliiacha ndoo palepale. Alipanda ngazi taratibu, akishika ukuta.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo wasemavyo watu. Chemba aliyazoa kwa ndoo ileile, akapiga deki kwa dawa, akatupa kilicholowa, na kufikia jioni sakafu ilikuwa inang'aa. Neno ndilo lililomshinda kuzoa. Alijiambia atalisema kesho, hasira za Shangazi zikipoa. Kesho yake ilikuwa na kesho yake.

Kwa upande wa bomba alifanya yote yanayopaswa kufanywa. Alihakikisha maji ya paa yanaendelea kwenda kwenye mtaro, mbali na majitaka. Alisafisha valvu kila mwezi. Aliinua meza na maboksi juu ya matofali. Na kwenye mlango wa bafu lake, usiku mkewe akiwa amelala, alibandika ile karatasi. Mkewe aliiona asubuhi, akacheka: "Leo umejikumbuka?" Chemba alibeba vifaa vyake, akatoka.

Mama Viazi naye alibadilika. Hakumwaga tena hata tone. Mafuta yaliyotumika aliyatia kwenye dumu, na kila Ijumaa alilibeba kumpelekea mtengeneza sabuni. Alikuwa na njia fupi ya nyuma, lakini alipita ile ya mbele. Akifika dirishani kwa Shangazi aliliweka dumu chini, mahali litakapoonekana, akasimama. Chemba alimwona mara nyingi kutoka juu. Alisimama, akangoja, akalibeba dumu lake, akaenda.

Siku moja Chemba alishuka akiwa amekata shauri. Shangazi alimmiminia chai, akamwangalia kwa upole. "Ningekuwa sina wewe, baba, chumba hiki ningeshakihama," alisema. Chemba akamaliza chai, akapanda juu na neno lake. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Chemba ilikwenda miaka sita, na kila siku yake aliitembea mwenyewe.

Mwaka wa sita viatu vya kijani vikaacha kupita. Ijumaa moja, ya pili, ya tatu. Ya nne, binti wa Mama Viazi akabisha hodi, amefunga kitambaa cheusi, akasema mama alilazwa wiki mbili na hakutoka. Shangazi alikwenda mazikoni, akakaa nyuma kabisa ya watu. Aliporudi alilitoa lile gauni la zambarau ndani ya sanduku, akalitandaza juu ya meza. Chemba alikuwa amemsindikiza, bado amesimama mlangoni.

"Hata sijui nani alimwonea mwenzake," Shangazi alisema. "Yeye mimi, au mimi yeye."

"Wewe ndiye uliyemwonea, Shangazi. Na mimi ndiye niliyekutuma."

Akasema yote: bafu, mashine, ovaroli, limau, valvu iliyokuwa safi. Aliyasema akitazama sakafu, na machozi yalimtoka kabla hajafika katikati. Kwa miaka sita alikuwa ameogopa kelele za mwanamke huyu. Hazikuja.

"Alikuwa anasimama hapo," Shangazi alisema, akionyesha dirisha. "Nikiviona viatu tu, navuta pazia. Siku nyingine anasimama mpaka chai yangu inapoa."

"Nisamehe."

"Wewe nitakusamehe. Mwanangu, nitakupeleka wapi?"

Alichukua chaki na pini zake, kwa mazoea tu, akaliinua gauni kwa mabega mpaka likaning'inia wima. Chini yake kulikuwa na sakafu kavu. Aliitazama, kisha akamgeukia Chemba kama mtu anayeuliza jambo la kazi.

"Sasa upindo huu," alisema, "niupimie mguu wa nani?"